Kulisha nyumba kwa pesa kidogo ya juma: mwongozo kwa familia na parokia zetu



Katika parokia moja niliyotumikia, mama mmoja alileta mtoto wake baada ya ibada ili tumwombee. Mtoto alikuwa na miaka kama mitatu. Alikuwa mkimya, nywele zake zimegeuka rangi na kuwa nyekundu, na miguu yake ilikuwa imejaa. Mama alifikiri amenenepa. Tuliomba. Kisha mama shemasi mmoja, ambaye ni muuguzi, aliweka kidole gumba juu ya mguu wa mtoto, akakandamiza kidogo, akaondoa. Shimo lilibaki palepale. Akaniambia kwa sauti ya chini: “Mchungaji, hii ni bwaki.”

Jambo lililonisumbua ni hili: nyumba ile haikulala njaa. Walikula kila siku, mara nyingine mara mbili. Walikula bugali wa muhogo na maji ya sombe. Pesa ilikuwa kidogo, na karibu yote ilikwenda kwenye unga, kwa sababu unga ndio unaojaza tumbo. Mtoto alishiba na huku mwili wake unakufa njaa.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwa wauguzi, kwa wamama wa kanisa na kwa makosa yetu wenyewe. Naandika hapa yale tuliyojifunza, ili yatumike nyumbani, katika chama cha wamama, katika mafundisho ya wachumba na katika ofisi ya diakonia. Neno lenyewe ni moja: pesa ikipungua, tusipunguze maharagi, samaki mdogo, mboga na mafuta ili kulinda unga. Na tusifupishe kazi ya kuloweka muhogo.

Kwa nini unga peke yake haulishi

Mwili unahitaji chakula cha kuutia nguvu, chakula cha kuujenga na chakula cha kuulinda. Unga, viazi, ndizi na mchele vinatia nguvu. Maharagi, soya, karanga, samaki, mayai na nyama vinajenga. Mboga za majani na matunda vinalinda. Mafuta yanaongeza nguvu nyingi katika kiasi kidogo, na yanasaidia mwili kupokea vitamini zilizo katika mboga.

Tuangalie hesabu ya chakula kinachojenga, yaani protini. Kilo moja ya unga wa muhogo ina protini kama gramu 15 tu. Kilo ya unga wa mahindi ina kama gramu 80. Kilo ya maharagi makavu ina zaidi ya 200. Kilo ya soya ina zaidi ya 350. Kilo ya sambaza au ndakala waliokauka vizuri ina karibu 500 au zaidi.

Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 kwa siku. Ili azipate kwa unga wa muhogo peke yake, angepaswa kula zaidi ya kilo 3 za unga kila siku. Hakuna awezaye, na mtoto ndiye hawezi kabisa, kwa maana tumbo lake ni dogo. Linajaa kabla mwili haujapata kitu.

Kwa hiyo tunaposema “leo hakuna pesa ya mboga, tule bugali na chumvi”, tufahamu tunachofanya. Siku moja haitaharibu. Miezi miwili itaharibu, na itaanza kwa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mama amepata mimba nyingine.

Kapu la juma kwa watu sita

Sitaandika bei. Bei ya Kadutu si bei ya Butembo, na bei ya Uvira si ya Bunia. Franka nayo inapanda na kushuka, barabara inafungwa, na tangu mabenki yalipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025 wengi wetu tunajua jinsi pesa inavyoweza kuadimika hata kwa mwenye mshahara. Naandika kiasi. Kila mama na kila baba aweke bei ya soko lake.

Kwa familia ya watu wazima wawili na watoto wanne, kwa siku saba:

- Unga wa bugali: kilo 14, nusu muhogo na nusu mahindi ikiwezekana.
- Maharagi makavu: kilo 4.
- Mahindi au mtama wa uji: kilo 2.
- Soya: kilo 1, ya kuchanganya katika uji.
- Mafuta ya mawese: lita 1,5.
- Sambaza au ndakala wakavu: nusu kilo.
- Mboga za majani: fungu moja au mawili kila siku.
- Chumvi yenye iodi: robo kilo.
- Vitunguu na nyanya: kadiri ya mfuko.

Kapu hili linatoa karibu kalori 2.000 kwa kila mtu kwa siku, watoto na wakubwa wakihesabiwa pamoja. Mashirika ya msaada hupanga 2.100. Si karamu, lakini ni chakula cha kuishi, kufanya kazi na kusoma. Penye viazi vya bei nafuu, kama Masisi na Rutshuru wakati wa mavuno, toa sehemu ya unga uweke viazi. Ila kumbuka kwamba viazi vina maji mengi. Ili kupata nguvu ya kilo 1 ya unga unahitaji karibu kilo 4 za viazi. Kiazi kikionekana rahisi kwa kilo, piga hesabu kwanza.

Sambaza wetu wa ziwa Kivu ni zawadi ya pekee. Hawakuwamo humo zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakazaana. Faida yao ni kwamba wanaliwa wazima, na kichwa na mifupa, na mifupa hiyo ndiyo inayompa mtoto kalisi. Usitupe vichwa. Kwa mtoto mdogo, kaanga sambaza wakavu, watwange wawe unga, na tia kijiko kimoja katika uji au katika maharagi yake. Nusu kilo inafika juma zima kwa njia hiyo.

Kununua: kadogo kadogo ni ghali

Maskini hulipa zaidi kuliko tajiri kwa kitu kilekile, kwa sababu ananunua kadogo kadogo. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme kikombe cha maharagi cha gramu 200 ni franka 700. Kilo moja ni vikombe vitano, yaani franka 3.500. Kama kilo sokoni inauzwa 2.800, yule anayenunua kikombe kila siku amepoteza 700 kwa kila kilo, yaani kikombe kizima. Kwa kilo nne za juma amepoteza vikombe vinne. Hiyo ni zaidi ya siku moja ya maharagi ambayo imeliwa na soko.

Tunajua kwa nini wamama wananunua hivyo. Anayeuza ndizi barabarani anapata pesa jioni, na jioni hiyohiyo watoto wanamngoja. Hawezi kununua kilo nne kwa pesa ambayo bado hajaiona. Dawa yake si kumkemea. Dawa ni nyumba tano kuungana. Katika cellule ya maombi au katika AVEC, nyumba tano zinaweka pesa siku moja, mama wawili waaminifu wanakwenda sokoni, wananunua gunia, wanagawa kwa mizani mbele ya wote. Walio na likelemba wanaweza kuamua kwamba zamu moja kwa mwezi iwe ya chakula na si ya pesa.

Mambo mengine ya soko:

- Nunua maharagi na mahindi baada ya mavuno, hata kilo chache za akiba. Kausha vizuri juani na funga katika bidoni safi yenye kifuniko ili wadudu wasiingie.
- Angalia kipimo. Kuna vikombe vilivyopigwa nyundo chini, na kuna mikebe ya Guigoz iliyojazwa kitu ndani. Kundi likiwa na mizani yake ndogo, linajilinda.
- Usinunue karanga wala mahindi yenye ukungu kwa sababu ni rahisi. Ukungu ule una sumu inayoharibu ini, na moto wa kupika hauimalizi.
- Nenda sokoni na orodha, ukiwa umekula. Mwenye njaa hununua kwa macho.

Makala ni sehemu ya bei ya chakula

Nyumba nyingi za mjini zinatumia pesa nyingi kwa makala, kisha zinaacha maharagi kwa sababu “yanakula makala”. Ndivyo maharagi yanavyotoka mezani. Hapa kuna njia ya kuyarudisha.

Loweka maharagi usiku kucha katika maji mengi, na asubuhi mwaga maji yale. Muda wa kupika unapungua sana. Kisha chemsha kwa nguvu kwa muda wa nusu saa hivi. Usiyapike kwa moto mdogo tangu mwanzo, hasa maharagi mekundu. Yana kitu kinachoumiza tumbo, nacho hakifi bila mchemko wa kweli wa dakika kumi au zaidi.

Baada ya hapo tumia kikapu cha kupikia. Chukua kikapu kikubwa au katoni, jaza nguo kuukuu, majani makavu ya migomba au povu la godoro. Weka sufuria inayochemka ndani pamoja na kifuniko chake, funika juu kwa blanketi, na usifungue. Joto lililomo linaendelea kupika kwa saa tatu au nne bila kaa hata moja. Ukiitoa, irudishe motoni ichemke tena, tia chumvi na mafuta, basi. Wamama waliojaribu hupika maharagi ya siku mbili kwa makala ya siku moja. Yanayobaki yachemshwe vizuri kila mara kabla ya kuliwa.

Na mbabula yenye udongo ndani inatunza joto kuliko ya bati tupu. Ukiweza kuibadilisha, pesa itarudi.

Muhogo mchungu: mahali ambapo haraka inapooza

Hapa naomba tusimame, maana ndipo umaskini na vita vinapotudanganya.

Muhogo mchungu una sumu ya sianidi. Babu zetu walijua. Waliloweka muhogo siku tatu au nne hadi ulainike, wakaukausha, ndipo wakausaga. Njaa inapokuja, au watu wanapokuwa mbioni, au mnunuzi anapongoja, tunaloweka siku moja tu, au tunakausha bila kuloweka. Unga unakuwa mweupe na mzuri, lakini sumu imebaki.

Anayekula unga huo kwa majuma mengi, bila maharagi wala samaki, anaweza kupata konzo. Ugonjwa huu ulielezwa na madaktari nchini mwetu tangu mwaka 1938, na jina lake linatoka kwa Wayaka wa Kwango. Unakuja kwa ghafula. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Unapiga hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa. Si wa magharibi tu. Visa vimeonekana pia huku kwetu Kivu ya Kusini, katika Burhinyi, katika miaka ya vita. Wengine walisema ni uchawi. Wapendwa, si uchawi. Ni muhogo ambao haukulowekwa na sahani isiyokuwa na protini.

Fanya hivi:

1. Loweka muhogo mchungu siku tatu kamili, na nne penye baridi kama Lubero au Masisi. Ondoa ganda kwanza.
2. Kama umenunua unga usioujua, ulowanishe. Weka unga katika beseni, chora alama ndani pale unga unapofika. Tia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kutia maji. Tandaza juu ya mkeka au sahani pana, unene usizidi sentimeta moja. Acha saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu inatoka hewani. Pika bugali siku hiyohiyo.
3. Sombe nayo itwangwe vizuri na ichemke muda mrefu, mwanzoni bila kifuniko.
4. Changanya unga wa muhogo na wa mahindi. Na kila bugali iwe na maharagi, soya au sambaza kando yake. Protini ndiyo inayousaidia mwili kuitoa sumu iliyobaki.

Tena, muhogo wenye sumu unazidisha tezi la shingo pale ambapo iodi ni haba. Wazee wa Idjwi wanakumbuka matezi yale. Kwa sababu hiyo chumvi yenye iodi si anasa. Ifunge katika mkebe mkavu na uitie mwishoni mwa mapishi.

Mboga na mafuta

Lengalenga, sombe, matembele na majani ya maboga ndiyo dawa ya bei ndogo kuliko zote. Osha kabla ya kukata, si baada. Pika kwa muda mfupi, isipokuwa sombe. Tia mafuta ya mawese, kwa maana rangi yake nyekundu ndiyo vitamini ya macho na ya kinga. Wengi wetu tunachoma mawese hadi yanakuwa meupe na moshi unajaa nyumba. Tukifanya hivyo tumechoma kile tulicholipia. Yapashe moto kidogo tu.

Asiye na shamba anaweza kuwa na gunia. Jaza gunia udongo uliochanganywa na samadi, weka mawe katikati kama bomba la maji, toboa pembeni, na panda lengalenga juu na pembeni. Baada ya majuma matatu au manne unaanza kuvuna majani. Njia hii imewasaidia wengi Goma, ambako ardhi ni mawe ya volkano. Mwagilia kwa maji uliyooshea mboga. Sungura au kobayi wawili nyuma ya nyumba watakula mabaki na kukupa samadi, na siku moja nyama.

Uji wa mtoto

Uji mweupe wa muhogo na sukari haumlishi mtoto. Andaa unga ambao wengi wanauita masoso au sosoma: sehemu mbili za mahindi, moja ya mtama, moja ya soya. Soya lazima ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, maana soya mbichi inazuia mwili kupokea protini. Uji uwe mzito kiasi cha kushika kwenye kijiko. Tia kijiko cha mawese au karanga zilizotwangwa. Mtoto wa miaka miwili ale mara nne au tano kwa siku, kidogo kidogo, katika sahani yake mwenyewe. Mtoto anayekula sahani moja na kaka zake wakubwa hushindwa mbio.

Kabla ya miezi sita, ziwa la mama tu, hata maji hapana. Baadaye ziwa liendelee pamoja na chakula hadi miaka miwili. Kuku akitaga, yai la kwanza ni la mtoto mdogo, halafu mengine yauzwe.

Nani anakula kwanza?

Nitasema jambo ambalo linanihusu mimi. Juma lile ambalo mtoto yule aliletwa kuombewa, nilikuwa nimewatembelea wazazi wake. Walinichinjia kuku. Nilikula vizuri na nikawabariki. Mtoto alikaa karibu na mlango na kipande cha bugali kilichochovywa katika mchuzi. Sikumwona. Nilimwona siku ya Jumapili tu, kidole cha mama shemasi kilipoacha shimo mguuni pake.

Nasoma habari za mjane wa Sarepta katika 1 Wafalme 17, nami najua tunavyolihubiri fungu hilo: toa kwanza kwa mtumishi wa Mungu. Lakini soma hadi mwisho. Unga na mafuta havikuisha ili Eliya ale peke yake. Mjane alikula, na mwana wake akala, siku nyingi. Mtumishi ambaye anakula na kumwacha mtoto wa mjane na njaa hajalisoma fungu lote.

Kwa hiyo nawaomba wachungaji wenzangu: tukienda kutembelea, tuwatangulizie neno kwamba tutakula wanachokula. Tukipewa maharagi tushukuru. Kama kuku amechinjwa, tumwite mtoto mdogo kwanza.

Nawaomba wababa pia. Katika nyumba nyingi samaki mmoja anaingia katika sufuria na samaki huyo ni wa baba. Baba anafanya kazi nzito, ni kweli. Lakini nguvu ya kazi anaipata kwa bugali na mafuta. Kile kinachojenga kinahitajika zaidi kwa mama mwenye mimba, kwa anayenyonyesha na kwa mtoto. Baba anayegawa samaki wake mbele ya watoto hajapoteza heshima. Paulo alimwandikia Timotheo maneno makali juu ya mtu asiyewatunza wa nyumbani mwake, katika 1 Timotheo 5:8, nayo hayahusu wale wasio na kazi. Yanahusu wale walio na kitu wakakipeleka kwingine: pombe, michezo ya bahati, nyumba ya pili.

Pesa ikipungua tena

Kuna juma ambalo hata kapu lile haliwezekani. Punguza kwa utaratibu huu:

1. Kwanza ondoa sukari, mikate, mandazi ya kununua, soda, na kube za mchuzi.
2. Kisha nyama na samaki wakubwa. Baki na sambaza.
3. Kisha badilisha mahindi kwa kile kilicho rahisi zaidi sokoni.
4. Kisha punguza bugali ya watu wazima wasio na mimba wala mtoto ziwani.
5. Usiguse uji wa watoto, maharagi, mawese na chumvi.

Ukifika namba 4 na bado hesabu haitimii, usiendelee kupunguza kwa siri. Hakuna ujuzi wa kupika unaoweza kuziba pesa isiyokuwepo. Hapo jambo si la mama peke yake tena. Ni la kanisa.

Katika Matendo 6 wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume hawakuwaambia waombe zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu saba, wenye sifa njema, na kazi ilipangwa. Kanisa la kwanza lilipata mashemasi wake kwa sababu ya sahani. Basi kila parokia iwe na orodha ya nyumba zilizo katika shida, inayotunzwa na watu wawili wasio na domo. Sehemu ya mazao ya sikukuu ya mavuno iwekwe kwa ajili yao, maharagi kwanza. Waliokimbia vita na wale waliowapokea wahesabiwe pamoja, kwa sababu nyumba iliyopokea watu wanane nayo ina njaa. Na mama asiye na chakula cha watoto jioni ile asisomewe jina lake kwa deni la michango.

Kutoka 16 inatuambia kwamba mana ilipopimwa, aliyeokota nyingi hakuzidishiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Na Yesu, baada ya watu elfu tano kushiba, aliagiza makombo yakusanywe. Mungu anayetoa bila kupimiwa anatufundisha kupima na kutopoteza.

Dalili za kwenda kituo cha afya leo, si kesho

- Miguu ya mtoto imevimba, na ukikandamiza kwa kidole shimo linabaki.
- Nywele zinageuka nyekundu na kunyofoka kirahisi, ngozi inabanduka.
- Mtoto hataki kula, hachezi, analia bila sababu au ananyamaza mno.
- Mkanda wa kupimia mkono unaonyesha nyekundu, yaani chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Manjano, hadi 125, ni onyo.
- Mtu yeyote ambaye miguu imekakamaa ghafula baada ya majuma ya kula muhogo.

Mamashemasi wafundishwe na wauguzi wa kituo kutumia mkanda huo, na watoto wapimwe mara moja kwa mwezi baada ya ibada. Inachukua dakika mbili kwa mtoto.

Mtoto yule wa miguu iliyojaa alipelekwa kituoni siku ileile. Alikaa huko majuma kadhaa, uvimbe ukashuka, akaonekana mwembamba sana, ndipo akaanza kunenepa kwa kweli. Alirudi kanisani akitembea. Mama yake sasa anapika maharagi katika kikapu, naye amewafundisha majirani wanne. Pesa ya nyumba ile haijaongezeka. Wanaigawa kwa njia nyingine.

Bwana abariki vyungu vyenu, na atupe wote riziki yetu ya leo.